Moto Usio na Mtu Ndani

Mhina mwanangu,

Salamu nakupa, ingawa uko chumba cha pili na nasikia unavyogombana na kamba ya mzigo. Ningeweza kuinuka nije kukusaidia kufunga, na haya yote nikakuambia kwa mdomo. Lakini baba yako unamjua. Nikianza kusema, neno la tatu nimekuwa mkali, la nne nimehamia jambo jingine, na mama yako husema mimi nikiulizwa njia ya kwenda stesheni hutoa bei ya vitunguu. Basi bora niandike. Nitakutilia barua mkononi asubuhi, uisome ukiwa ndani ya treni ya Tanga, ambako hutaweza kunijibu.

Habari za kula, za kuvaa na za kulinda fedha melini sitazigusa. Mama yako amekwisha kukuambia, na kwa Kishambaa, maana mambo mazito huyasema kwa lugha ya kwao Mashewa. Mimi nataka kujibu swali lako la jana tu.

Jana ulikuja barazani nikiwa napiga pasi kanzu ya mteja, ukachutama karibu na makaa, ukaniuliza: "Baba, unaniridhia niende, au naenda hivi hivi?" Nami nikakuambia kufuli la sanduku lako ni bovu, ukatafute jingine. Ulisema haya baba, kwa adabu, ukainuka. Nilikutazama mgongo mpaka ulipokata kona. Kufuli lenyewe ni zima, halina kasoro yoyote.

Mama yako alikuwa jikoni akasikia. Tangu hapo hanisemeshi ila kwa la lazima. Ameniambia neno moja tu, kwamba radhi ni bora kuliko mali, na mtoto havushwi bahari bila radhi ya baba yake akiwa baba huyo yuko hai na anakula ugali wake vizuri. Ana haki. Lakini mimi sikukunyima, mwanangu. Nilipapasa nikakosa cha kukupa. Nimechanganyikiwa, na sikuanza jana. Nilianza wakati wa vita, na chanzo chake ni ule moto wa kwenye sinema ya Bwana Mohanlal. Habari hiyo unaijua nusu, na nusu unayoijua nilikudanganya.

Mimi nilitoka Handeni mvua zilipokataa, nikaja hapa Korogwe na mkasi na ujuzi wa sindano, basi. Bwana Mohanlal akaniweka kwenye baraza ya duka lake na cherehani ya miguu. Wakati huo alikuwa na mashine ya sinema, akionyesha picha ndani ya ghala lake la mahindi siku za sikukuu, na mara nyingine tukiipakia kwenye lori mpaka Handeni, tukisimama Kabuku kutia maji kwenye injini. Shuka la marekani, ile pamba nyeupe, la kuonyeshea picha nililishona mimi. Siku ukanda wa filamu ulipokatika akanitazama, akasema fundi, nguo au filamu, yote si kuunga? Nikaunga. Tangu siku hiyo nikawa fundi wa vyote viwili, na mshahara ukabaki ule wa kimoja.

Picha zenyewe zilikuwa za miungu yao, zinatoka Bombay. Na tuseme kweli, zilikuwa na kasoro nyingi. Mashujaa wawili wanasimama mbali, kila mmoja anapiga mshale, mishale inakutana hewani, mmoja unatema moto na mwingine maji. Mishale hiyo ilichorwa kwa mkono juu ya ukanda, na ilikwenda kwa kurukaruka kama panzi. Mungu akiruka angani unauona waya unaomshika kiunoni, na mawingu nyuma yake yametulia tuli. Vibarua wa mkonge waliokaa nyuma walicheka mpaka wakashika mbavu, nami nilicheka pamoja nao, nikiwa nimeshika mashine.

Wahindi hawakucheka. Akina mama walivua viatu mlangoni mwa ghala, wakaja mbele, na mungu akitokea wanamgusa miguu pale pale kwenye marekani, kisha wanampaka ule unga wao mwekundu. Kesho yake kazi ya kufua shuka ni yangu. Nilisugua ule wekundu kwa sabuni ya mche huku nikinung'unika, nikijiuliza hawa watu hawauoni waya? Wana macho kama mimi. Mama yake Bwana Mohanlal, ambaye mji mzima tulimwita Ba, aliona uzi kwenye sindano bila miwani, na bado alikuwa wa kwanza kugusa.

Vita vilipokuja meli zikaadimika, na picha mpya hazikufika tena. Huku kwetu ilibaki moja tu. Ilionyeshwa kila Diwali, sikukuu yao ya taa, na kila Ba alipoitamani, mpaka ikachakaa kama suruali ya mlevi. Mwisho mashine ikatafuna kile kipande ambacho mungu wao wa kike anaingia motoni na kutoka mzima, hata unywele haujaungua. Kuingia kulibaki. Kutoka kuliharibika kote, hakuna cha kuunga.

Bwana Mohanlal akasema tukate tuendelee mbele. Ba akakataa. Alikuja barazani kwa miguu yake, akakaa kwenye kigoda cha wateja, akasema haiwezekani Diwali ipite mtu ameingia motoni na hakutoka. Akasema fundi achore. Nikamwambia Ba, mimi nashona suruali. Akasema sindano ni ile ile.

Na kweli ikawa ile ile. Mwanzoni mwa ukanda kuna kipande cheusi kisicho na picha. Ukikikwaruza kwa ncha ya sindano, ule weusi unatoka na mwanga unapita, ukapata mstari mweupe. Nikakata kipande hicho, nikakiweka juu ya kioo na taa chini yake, nikaanza kuchora ndimi za moto, moja moja, katika vijipicha vidogo kama ukucha. Wewe leo unaijua kazi hiyo kuliko mimi, kwa hiyo cheka. Mara ya kwanza nilichora moto mzuri sana katika kila kijipicha, kila mmoja na umbo lake, nikajisifu. Nilipoupitisha kwenye mashine, ukutani hapakuwa na moto. Palikuwa na siafu wanakimbia. Sikujua kwamba kila kijipicha lazima kifanane na jirani yake karibu kabisa, kitofautiane naye kidogo tu. Nilijifunza kwa kuharibu, na vidole vyangu vilichubuka mpaka mama yako akawa ananilisha.

Sasa sikiliza hapa, maana hapa ndipo nilipokudanganya.

Mara ya pili moto ukakubali. Unaanza mdogo, unapanda, kisha unafunguka katikati kama mlango, ili yule mama atoke. Niliacha nafasi ya kimo cha mtu mzima, nyeusi, nikamalizia moto pande zote mbili. Ikabaki kumchora mwenyewe. Nikashika sindano na mkono ukakataa. Nilikumbuka mafundisho ya chuoni tuliposoma Kurani, kwamba mchora chenye roho ataambiwa siku ya mwisho akipulizie roho alichokichora, na hataweza. Moto hauna roho. Moto niliuchora kwa raha. Lakini yule ni mtu, tena kwa wenzetu ni zaidi ya mtu, na mimi ni Mzigua Mwislamu nina mke na mtoto ndani. Nikasema moyoni, nitajitoa hapa nikiwa safi. Nikaiacha nafasi ile kama ilivyo, nikaunga ukanda, nikafunga kopo.

Ulipokuwa mkubwa ukaniuliza kwa nini nilimsahau mwenye moto wake. Nilikwambia ukanda ulikwisha. Haukwisha. Niliogopa.

Siku ya Diwali ghala lilijaa. Mimi niko kwenye mashine, jicho langu mlangoni, kwa sababu Ba pekee ndiye aliyejua moto ni wa mkono wangu, na hata yeye hakujua kwamba ndani hamna mtu. Yule mama akaingia motoni, wa picha ya kweli. Kisha ukaja wangu. Mwanangu, ulikuwa mbaya. Unatetemeka, unaruka upande, pana mahali pameonekana kama magugu. Ukapanda, ukafunguka katikati, na katikati pakawa giza tupu. Nikangoja kelele. Nilikuwa nimekwisha kupanga maneno ya kujitetea.

Hapakuwa na kelele. Ba akainuka. Akatembea mpaka kwenye shuka, akapiga nazi chini ikapasuka, kama wafanyavyo hekaluni kwao, akainama pale penye giza. Na nyuma yake wakainuka wote, wake kwa waume, wakainama. Nimewaonyesha picha miaka yote na sikuwahi kuona hivyo. Hata vibarua hawakucheka. Mwenzangu mmoja wa Handeni aliyekuwa kando yangu akaniuliza kwa Kizigua, taratibu, wanamwamkia nani pale? Nikamjibu sijui, na mpaka leo jibu langu ni hilo hilo.

Watu walipotawanyika nilimfuata Ba nikamweleza, maana niliona haya. Nikamwambia sikumchora, si kwa dharau, dini yangu hainiruhusu. Alinitazama kama mtu anayetazama mtoto aliyeleta maji kwenye chungu kilichopasuka. Kisha akasema, "Fundi, wewe umemwachia nafasi." Akanijazia sahani ya vitamu vyao, akaniambia nipelekee watoto. Wewe ulivila. Ulitapika usiku, ulikuwa mroho.

Mimi niliyetaka kujitoa nikiwa safi, ndiyo nimefanya nini hapo? Kama ningemchora yule mama vibaya, kwa mkono huu wa kushonea suruali, pengine wangecheka na mambo yangeisha. Nilikwepa, na kukwepa kwangu kukawainamisha. Nilikwenda kwa mwalimu wetu wa chuoni nikamsimulia yote. Aliniuliza, ulichora sanamu? Nikasema nilichora moto. Ndani ya moto kuna nani? Hakuna mtu. Sasa waliinamia nini? Nikamwambia mwalimu, hilo ndilo lililonileta kwako. Akazungusha tasbihi, halafu akaniuliza kama nimekwisha kula. Kwa hiyo ukinilaumu kwa habari ya kufuli, ujue si mimi peke yangu niliyekwepa swali.

Vita vikaisha. Picha mpya zikaja, nzuri kweli. Moto unawaka kama moto, mungu anatokea na mwanga kichwani, waya huoni hata ukitafuta. Bwana Mohanlal alifurahi mno. Ba alitazama ile ya kwanza, akasema nzuri, nzuri sana, na kabla ya katikati alikuwa amelala kitini. Diwali iliyofuata akaitaka ile ya zamani, yenye moto wangu wa magugu. Akaitaka kila mwaka mpaka alipofariki. Tulimsindikiza hadi kando ya mto Ruvu, huu wetu ambao wengine huuita Pangani, wakamchoma kwa desturi yao, nami nikasimama mbali kidogo kwa heshima. Moto ule ulikuwa wa kweli na ndani yake alikuwamo mtu, na macho yangu yakawa yanatafuta katikati. Nililia, Mhina. Nilisema ni moshi.

Sasa wewe. Wewe ulianza kuchora kwa mkaa ukutani kabla hujajua kufunga vifungo. Siku moja ulichora ng'ombe, mzuri, hata pembe iliyovunjika umeiweka. Nilisikia mwalimu anakuja kutuamkia, nikampaka ng'ombe wako chokaa mbio mbio. Hukulia. Kesho yake ukachora mwingine, hana macho, ukaja kunivuta mkono ukaniambia huyu hana macho, baba, usikasirike. Nilikuambia vizuri, nikaendelea kushona. Hilo linaniuma mpaka leo kuliko vibao vyote nilivyokupiga, na vilikuwa vingi, vingine vya haki.

Ukaendelea kuchora pembeni mwa madaftari ya shule, jogoo ananyoosha shingo. Mtu akizipekua kurasa haraka jogoo anawika. Bwana Mohanlal akampelekea daftari moja mpwa wake aliyeko Bombay, anayefanya kazi kwenye nyumba ya kuchora picha zinazotembea, na sasa wanakuita. Kijana wa Korogwe, anaitwa Bombay kwenda kuchora miungu ya watu. Hapa barazani kila mteja ananipa mkono wa pongezi, halafu anasogea karibu ananiuliza, mzee, na dini inasemaje? Mmoja alifunga safari kutoka Makuyuni kuniuliza hilo tu, hakuwa na hata kitambaa cha kushona.

Diwali iliyopita, picha ile ikionyeshwa kwa kumkumbuka Ba, tulikaa pamoja ghalani. Ukautazama moto wangu kwa yale macho yako makali. Ukanionyesha kosa moja moja, ulimi huu umeruka, huu umerudi nyuma, na yote uliyosema yalikuwa kweli. Ukasema hata wale wa Bombay wanachora kama watu wanaofukuzwa, mshale wao hauna uzito, na wewe ukifika utamchora yule mama akitoka motoni mpaka kope zionekane. Nilikusikiliza na mambo mawili yakanipanda kifuani kwa pamoja. Nilijivuna, maana mtoto huyu ana jicho na jicho hilo amelitoa wapi kama si kwangu? Na nikaogopa. Sikujua kipi nikitoe kinywani, nikakohoa.

Na hofu yangu usiione ya dini peke yake. Kama kuchora vizuri ndiyo kazi, mbona Ba alilala? Na kama kuchora vibaya kunatosha, nakupeleka mbali hivyo ukajifunze nini? Kama kumchora mwenye roho ni dhambi, mimi niliyeacha kumchora nilifanya nini pale ghalani? Nageuza hivi, nageuza vile, ni kama kushona mfuko uliotoboka kutoka upande wa ndani. Naziba hapa, kidole kinatokea pale. Baba wengine wangekuwa na jibu la kukupa kwenye stesheni. Mimi nina haya maswali tu.

Nilijifunza kitu kimoja kwenye kile kioo, nacho nakupa bila kukitia chumvi. Usicheke mchoro wa mtu mpaka ujue aliogopa nini alipouchora. Huko Bombay utakuta wazee wanaochora mishale yenye kurukaruka, utawazidi kwa siku chache, na utawaona wapumbavu. Kaa nao kwanza. Uliza. Pengine yupo mmoja alikuwa na mtoto mgonjwa, au mkono wake ulikataa, kama wangu. Kisha mchoro wake mbaya usahihishe, maana mbaya ni mbaya tu, sikuambii uusifu. Hata wangu usiusifu.

Nilikuwa nangoja nielewe kwanza, halafu nikupe radhi. Nilidhani ndivyo baba anavyopaswa kufanya, aone njia mpaka mwisho ndipo amwambie mtoto pita. Naona sitaelewa, na treni haingoji fundi cherehani. Mama yako amekuja kuniwekea chai hapa, akasimama kidogo, akaona naandika, akaenda.

Basi nenda, Mhina. Nimekuridhia, moyo wangu wote, wala si nusu. Huyo mama wao ukitakiwa kumchora, mchore, na umpe macho. Kuhusu siku ya kuulizwa, mwalimu atasema hakuna abebaye mzigo wa mwenziwe, na hilo nalijua, silipingi. Lakini kujibu kwa ajili ya mtoto wangu sidhani nimekatazwa. Ukiulizwa, sema baba yangu aliniridhia. Nami nikiulizwa nitasema ndiyo, nilimridhia mwanangu, na nilikuwa sielewi.

Baba yako